Haki ya Mfanyakazi wa Nyumbani Ianzie Kwetu



Jumapili tunapokuja kanisani, binti anayetupikia hubaki jikoni. Lakini amri ya Sabato katika Kutoka 20 inamtaja mtumishi pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inampa saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Tunaziomba kamati zianze na nyumba za wajumbe wake: mkataba wa maandishi, mshahara mkononi mwake mwenyewe, na siku ya kupumzika. Wafadhili, mkitusaidia kuchapa mikataba, tutaigawa katika jumuiya ndogondogo.