Jina la Mji Wetu na Vitabu vya Watoto Wetu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo

Aliye na ukurasa huu aufungue sasa, afuatishe maneno kwa kidole. Kama redio yako inakoroma, usihuzunike. Yote yaliyosemwa yamepigwa chapa hapa.

Leo tutazungumza juu ya hadithi zetu na historia yetu katika vitabu vya watoto. Pengine utasema, "Mimi ni mtu mzima, nami nimeanza kusoma juzijuzi. Vitabu vya watoto vyanihusu nini?" Vinakuhusu sana. Sikiliza.

Siku moja nilitembelea darasa la kisomo hapa Makole. Mama mmoja mwenye wajukuu alikuja na kitabu cha mjukuu wake. Akasoma kurasa mbili mbele ya wenzake bila kukwama, watu wakampigia makofi. Lakini mwenyewe hakufurahi. Akaniambia, "Mwanangu, nimesoma habari za mtoto anayecheza katika theluji. Mimi theluji sijaiona, na mjukuu wangu hajaiona. Jana nilimwuliza maana ya jina Dodoma. Hajui! Naye kazaliwa hapa hapa Makole."

Nikamwomba atusimulie yeye. Akasema kwamba zamani tembo alikwenda kijitoni kunywa maji, akanasa topeni. Kila alipojitahidi kutoka, alizidi kuzama. Watu waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," maana yake, imezama. Mahali pale pakaitwa hivyo, na wageni wakalitamka jina, Dodoma.

Hapo babu mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Sivyo nilivyosikia mimi," akasema. Yeye alisikia kwamba watu wa hapa waliiba kundi la ng'ombe wa jirani zao wa kusini. Wakawachinja, wakawala, wakabakiza mikia tu. Wenye ng'ombe walipofuata nyayo, wakakuta mikia imechomekwa matopeni. Wakaambiwa, "Poleni sana, ng'ombe wenu wamezama. Idodomya!"

Darasa zima likacheka. Lakini kijana mmoja hakucheka. Akasema, "Babu, hiyo ya pili isiandikwe kitabuni. Watoto watasema babu zao walikuwa wezi." Babu akamtazama kidogo, kisha akajibu, "Na yule aliyeibiwa, habari yake itasimuliwa na nani?"

Kijana akanyamaza. Nami nilinyamaza, maana swali lile lilikuwa zito kuliko somo nililokuja nalo.

Ndugu msomaji, shauri langu ni hili: ziandikwe zote mbili. Mtoto si mjinga. Mwambie, "Wengine husimulia hivi, na wengine husimulia hivi." Atajifunza kwamba watu wawili waweza kulieleza jina moja kwa njia mbili. Tukimwandikia yale yanayotusifu tu, siku atakapoyasikia mengine njiani hatatuamini tena.

Sasa tujifunze tofauti ya maneno mawili. Masimulizi ni habari zinazopokewa kwa mdomo, kutoka kwa babu hadi mjukuu. Tembo na mikia ya ng'ombe ni masimulizi. Historia ni habari za mambo yaliyotokea, zilizochunguzwa kwa ushahidi, na mara nyingi twaweza kuitaja miaka yake. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Hiyo ni historia. Mtoto anahitaji vyote viwili, lakini aambiwe kipi ni kipi.

Kwa nini hadithi zetu zilichelewa kuingia vitabuni? Katika shule za wakati wa Waingereza, watoto walisoma kwa Kiswahili vitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Lugha ilikuwa yetu, lakini hadithi ziliandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Sisemi vilikuwa vibaya; wazee wengi walivipenda. Lakini mtoto asiyeona kijiji chake kitabuni hata mara moja hudhani kwamba kijiji chake hakina habari.

Mtu mmoja wa hapa hakungoja. Mathias Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917. Wengi wamjua kwa mashairi na ngonjera zake. Lakini mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Humo aliandika habari za watu wake kwa Kiswahili. Yeye alifariki mwaka 1969, lakini kitabu hakikufa. Mwaka 1995 kilitolewa kwa Kiingereza, na wasomi wa nchi za mbali wanaotaka kuijua Ugogo hukitafuta. Ila hakikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Wako waliokwisha anza. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto hapa Tanzania, ukawasaidia waandishi na wachapishaji kutoa vitabu vya hadithi kwa Kiswahili. Lakini mwandishi aliye mbali hawezi kuandika alichosimuliwa bibi yako jikoni. Hicho unacho wewe.

Nitakupa mfano wa jambo lisilofaa kupotea. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ilipata njaa kubwa iitwayo Mtunya. Haikuletwa na ukame peke yake. Ilikuwa vita kuu ya kwanza ya dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana, na ghala zilikuwa tupu. Wanahistoria wamekadiria kwamba walikufa watu kama 30,000.

Waliouona Mtunya kwa macho yao wamekwisha kufa. Wamebaki waliosimuliwa: nani alihamia wapi, walikula mizizi gani, mtoto gani alilelewa na jirani. Idadi ya waliokufa imo katika vitabu vya wataalamu. Mambo ya nyumbani mengi yamo vichwani mwa wazee, nayo hayana nakala.

Kule Kolo, katika wilaya ya Kondoa, watu wa kale walichora wanyama na watu juu ya miamba. Mwaka 2006 michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Twaiona kwa macho, lakini waliochora hawakutuachia maneno hata mstari mmoja. Wewe leo unajua kuandika. Usiwaache wajukuu wako wakitazama picha yako ukutani bila neno.

Basi, utaanzaje? Chukua daftari lako la kisomo, ufuate mambo haya manne.

1. Andika jina la aliyekusimulia na mahali alipokaa.

2. Andika habari moja tu, kwa maneno unayotumia nyumbani. Usitafute maneno makubwa.

3. Neno la lugha ya kwenu usilifute. Liandike, kisha eleza maana yake, kama tulivyofanya kwa neno "idodomya". Mrangi aandike ya Kirangi, Msandawe aandike ya Kisandawe. Makole ni ya wote.

4. Msomee mtoto. Akiuliza, "Kwa nini?", hapo umeacha jambo. Liongeze.

Yule mama amekwisha maliza kurasa tatu. Ameandika habari ya tembo, na chini yake ameandika, "Lakini babu mmoja wa darasa letu anasimulia habari nyingine." Kisha ameandika ile ya mikia. Nilimwuliza kama mjukuu ameisoma. Akasema, "Ameisoma, akacheka, akaniuliza kama wale jirani walilipwa ng'ombe wao." Nikamwuliza alimjibu nini. "Nimemwambia akamwulize babu."

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Je, umesikia habari gani juu ya jina la kijiji au mtaa wako? Nani alikusimulia?

2. Je, watoto waandikiwe mambo ya aibu ya zamani? Wanaokubali na wanaokataa waseme sababu zao.

3. Sababu zipi zilileta njaa ya Mtunya? Taja zaidi ya moja.

Kazi ya kuandika: Andika mistari kumi juu ya jambo ulilosimuliwa na mzee wa nyumbani kwako. Mpe mwalimu wako aisome, kisha urudi nayo nyumbani uitunze.