Daktari Bingwa wa Upasuaji wa Watoto: Safari Inayoanzia Kidato cha Tatu



Mtoto mchanga mwenye uzito wa kilo 3 ana damu ya takriban mililita 250 mwilini mwake. Kiasi hicho hakijazi chupa ya soda. Kitambaa kimoja kilicholowa damu katika chumba cha upasuaji, ambacho kwa mtu mzima si jambo la kutajwa, kwa mtoto huyo ni hasara kubwa. Hapo ndipo ubingwa wa upasuaji wa watoto unapojitenga na upasuaji mwingine. Mtoto hupoteza joto upesi, dawa yake hupimwa kwa uzito, wala hawezi kusema ni wapi panapomuuma.

Kazi za daktari huyu zinafahamika vijijini, ijapokuwa mwenyewe hafahamiki. Wapo watoto wenye ngiri, wenye uvimbe wa figo, wenye utumbo uliojisokota. Wapo pia wanaozaliwa bila tundu la haja kubwa. Kwa hawa, mkombozi wa kwanza ni mkunga wa zahanati anayemkagua mtoto saa ile ile anapozaliwa. Kasoro hiyo isipoonekana, tumbo huvimba, mtoto hutapika, na siku chache za kusubiri huweza kumgharimu uhai. Akifika kwa bingwa, mara nyingi hufunguliwa kwanza njia ya muda ya choo tumboni. Miezi kadhaa baadaye hutengenezewa njia yake ya kudumu, kisha ile ya muda hufungwa. Operesheni tatu kwa mtoto mmoja. Katikati yake yupo mama anayesafisha tumbo la mwanawe kila siku na kuvumilia maneno ya majirani. Daktari asiyejua kuzungumza na mama huyo huenda asimwone tena mgonjwa wake baada ya operesheni ya kwanza, hata mikono yake iwe hodari kiasi gani.

Je, msichana anayeingia kidato cha tatu afanye nini? Asiikimbie Fizikia. Wengi wanaoutamani udaktari hushikilia Biolojia na Kemia, wakaiacha Fizikia kwa kuiogopa, na safari ikaishia hapo. Kidato cha tano na cha sita ni mchepuo wa PCB, miaka 2. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ndipo ubingwa unapoanza. Njia mojawapo ni ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho wanafunzi wake hujifunza huku wakihudumia wagonjwa hospitalini: miaka 2 ya misingi ya upasuaji, kisha 3 ya upasuaji wa watoto. Jumla ni miaka 13 baada ya kidato cha nne, bila kuhesabu muda wa kusubiri ajira au ufadhili, nao kwa kawaida haukosekani. Mzazi anayetarajia mshahara wa haraka aambiwe hayo mapema.

Aliyekosa nafasi kupitia kidato cha sita hajafungiwa mlango. Wapo madaktari walioanza na stashahada ya utabibu, wakahudumu vituo vya afya wakiwa maofisa tabibu, ndipo wakaomba shahada. Njia hiyo ni ndefu zaidi, ila aliyeipita huingia chuoni akiwa amekwisha kukesha na wagonjwa.

Kuhusu ada, maombi ya mkopo hupelekwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza na RITA, na fomu huhitaji saini ya kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa. Kijana asiye na cheti aanze kukitafuta sasa, angali kidato cha tatu, kwa kuwa dirisha la maombi likifunguliwa, foleni huwa ndefu.