Andiko Lipi Litangulie?

Leo tuingie kwenye chumba ambacho wachache walikiwaza korona ilipopamba moto: chumba cha wanaosoma maandiko ya utafiti na kuamua lipi litangulie.

Ni Uingereza, Machi 2020. Wodi zinafurika, na madaktari wanaleta maandiko, kila mmoja akiomba kuijaribu dawa anayoiamini. Huyu anataka wagonjwa 20, yule 40. Nia ni njema kabisa. Lakini wagonjwa hao hao ukiwagawa katika vijitafiti vingi, kila kimoja kinaambulia wachache, na mwisho wake hakuna anayejua kama mtu aliponywa na dawa au alipona mwenyewe. Kwangu mimi huko ni kumpotezea mgonjwa imani yake.

Kwa hiyo wapitiaji walihitaji maswali makali. Jibu litafika kabla wimbi halijapita? Wagonjwa watatosha? Muuguzi ambaye hajaketi tangu alfajiri ataiweza kazi hii? Maandiko mengi yaliambiwa yasubiri. Tarehe 1 Aprili, waganga wakuu wa serikali waliziandikia hospitali wakihimiza majaribio matatu tu.

Mojawapo ni RECOVERY, lililoongozwa na Peter Horby na Martin Landray wa Oxford. Tangu andiko kuandikwa hadi mgonjwa wa kwanza kuingizwa zilipita siku 9. Kamati ya maadili haikurukwa, msikilizaji. Ililipitia, ila faili halikulala mezani. Na kule wodini kazi ilifanywa nyepesi: mgonjwa akisharidhia, mhudumu anajaza fomu fupi kwenye kompyuta, nayo inachagua kwa bahati nasibu nani aongezewe dawa na nani aendelee na matibabu ya kawaida.

Mapema Juni jaribio hilo likaonyesha kwamba dawa ya haidroksiklorokwini, iliyosifiwa karibu dunia nzima, haiwaokoi waliolazwa. Tarehe 16 mwezi huohuo likaja jibu la deksamethasoni, dawa kongwe ya bei ndogo: kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja, na kwa waliopewa oksijeni tu, kwa moja ya tano.

Na kuna jambo ambalo kijitafiti cha watu 40 kisingeweza kulionyesha: wale waliolazwa lakini hawakuhitaji oksijeni, dawa hiyohiyo haikuwafaa kitu.