Hotuba ya Mwenyekiti: Kozi ya Kompyuta Tuliyoikosea, na Ile ya Pili

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tukiwa bado tunasalimiana. Katibu ameshasoma risala na Mweka Hazina ameshasoma hesabu, kwa hiyo mie sitayarudia hayo. Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya wanachama. Nimechagua jambo moja tu, la kompyuta, maana ndilo lililotugombanisha kuliko jambo lolote katika kikundi hiki, kuliko hata ile habari ya masufuria. (Wanaoijua wanacheka, wasioijua wataulizia nje.)

Mie ni mtoto wa UPE. Nimemaliza darasa la saba hapa hapa Kilwa, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Kwa hiyo msidhani nasimama hapa kama mtaalamu. Nasimama kama mtu aliyekosea na pesa ya wenzake.

Mwenzetu mmoja, jina silitaji na yeye mwenyewe yupo hapa ameinamisha kichwa, alikuwa anakaanga samaki Kivinje kwa miaka kumi na miwili. Kifua kikaanza kumbana. Daktari akamwambia, mama, moshi huu uuache. Sasa uuache ule nini? Watoto watatu, mume yuko baharini na bahari haina mshahara. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne kimelala kabatini chini ya khanga. Akaja kwangu jioni moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nataka kubadili kazi. Unanishauri nini?"

Nikamwambia, kasome kompyuta. Akaniuliza, kompyuta ipi, mama? Nikamjibu, kompyuta ni kompyuta. Hilo ndilo kosa langu, na nimeomba liandikwe kwenye kitabu hiki kwa hiari yangu.

Tukafungua sanduku, akakopeshwa shilingi 400,000, na mdhamini wake nikawa mie. Chuo alichokwenda sikitaji, hakiko Kilwa, msianze kuulizana. Alikichagua kwa tangazo lililobandikwa stendi. Tangazo lilisema miezi mitatu, programu kumi na mbili, na cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu. Mie nikaona kumi na mbili ni nyingi, basi ndiyo bora. Kama vile sokoni, fungu kubwa ndilo unalolichukua.

Alipofika huko wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, mashine sita, na katika hizo mbili zilikuwa zimekufa. Kila mtu aligusa kibodi labda nusu saa kwa siku, umeme ukiwepo. Muda uliobaki walinakili ubaoni. Akarudi na daftari limejaa. Ukimwuliza kompyuta ni nini anakutajia viungo vyote mpaka vya ndani, kama mtu anayekutajia mifupa ya samaki bila kuwahi kumpasua. Akaenda kuomba kazi kwenye steshenari. Mwenye duka akampa barua ya robo tatu ya ukurasa aichape. Tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri hajaimaliza. Akarudishwa nyumbani.

Na mkopo unadai. Akarudi kwenye moshi ule ule ili atulipe. Hapo ndipo kikundi kilipopasuka. Wengine walisema tukate hisa zake. Wengine walisema huyu hana akili ya kusoma, ndiyo maana. Neno hilo liliniuma zaidi, kwa sababu akili alikuwa nayo, ila mshauri ndiye hakuwa nayo. Nikauza mbuzi wangu wawili nikalipa sehemu ya deni. Sisemi nisifiwe, nasema mjue ushauri wa mwenyekiti nao una bei.

Mwalimu mmoja mstaafu alipoisikia habari yetu alitucheka kidogo, kisha akatufariji. Akasema hata serikali yetu ilipitia hapo. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, hesabu zikaleta matatizo, na mwaka 1974 zikapigwa marufuku kuingizwa nchini. Marufuku hiyo ililegezwa pole pole miaka ya baadaye. Akasema mashine inanunuliwa siku moja, lakini mtu wa kuitumia anachukua muda, na kwanza ujue unaitaka kwa kazi gani.

Maneno hayo nililala nayo. Asubuhi nikamwita yule mwenzetu, nikamwambia safari hii hatuanzi na chuo, tunaanza na kazi. Tukavaa vizuri tukazunguka mie na yeye siku mbili. Tulikwenda kwa karani wa chama cha ushirika. Siku hizi ufuta na korosho vinauzwa kwa mnada unaopita kwenye mtandao, na yule karani anashinda na majedwali ya kilo na majina ya wakulima. Akatuambia kazi yake robo tatu ni Excel, iliyobaki ni uvumilivu. Tulikwenda kwenye steshenari tatu za karibu na ofisi za serikali. Tukakaa kwenye benchi kama wateja, tukahesabu watu wanakuja na shida gani. Wachache walikuja kuchapisha barua. Wengi walikuja na mtoto aliyemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa chuo kikuu, au kijana anayejaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, au mfanyabiashara mdogo anayetafuta namba ya mlipa kodi. Na vikundi kama sisi! Mnakumbuka mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023, iliporudi 2024 maombi yakawa ya kwenye kompyuta. Sisi wenyewe tulimlipa kijana wa kutujazia, akakosea majina ya wanachama wawili, na hatukujua mpaka tulipoitwa.

Basi mwenzetu akaona kazi iko wapi. Kwamba anahitaji kuchapa haraka bila kuangalia vidole, kutengeneza jedwali lenye kujumlisha lenyewe, kuskani na kupunguza ukubwa wa faili ili mfumo ulikubali, na kujaza fomu bila kukosea jina la mtu. Mambo manne. Zile programu kumi na mbili, nane kati yake hakuna aliyezitaja popote tulipopita.

Ndipo tukatafuta chuo. Tuliuliza maswali mpaka walimu wengine wakachoka nasi. Je, mmesajiliwa? Vyuo vya ufundi stadi siku hizi vinasajiliwa na NACTVET, na namba ya usajili unaionyesha, huielezi. Mashine ngapi zinawaka leo, si zile za kwenye tangazo? Mwanafunzi mmoja kwa mashine moja, au wanne wanabanana? Saa ngapi kwa wiki mkono uko kwenye kibodi? Naweza kukaa darasani siku moja nitazame kabla ya kulipa? Chuo kimoja kilikataa hilo la mwisho, tukaaga. Na tulitaka kumwona mtu aliyemaliza mwaka jana, atuambie yuko wapi sasa. Hilo swali, akina mama, lishikeni.

Lipo pia la intaneti. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukayumba Afrika Mashariki nzima. Basi uliza, mtandao ukikatika mnafundisha nini? Kama jibu ni kwenda nyumbani, pesa yako nayo inakwenda nyumbani.

Wengine mnaogopa Kiingereza. Nami niliogopa. Lakini tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, na simu zenu hizo mnaweza kuziweka kwa Kiswahili leo hii. Ila nasema ukweli wangu: ofisini utakuta maneno ya Kiingereza, kwa hiyo jifunze kwa Kiswahili uelewe, kisha ukariri yale ya Kiingereza yapatayo arobaini. Mwenzetu aliyaandika kwenye boksi la sabuni akalitundika jikoni.

Kozi ya pili ilikuwa miezi sita, jioni, na haikuwa na mhuri wa dhahabu. Mkopo ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza na tulimpa kwa mafungu, kila mwezi baada ya kuja hapa kutuonyesha alichojifunza. Mwezi wa tatu alileta daftari letu la hisa lote limechapwa, na akagundua tulikuwa tumemkosea mwanachama mmoja hisa nne. Siku hiyo wale waliosema hana akili walinyamaza kimya.

Leo anafanya kazi kwenye steshenari, na jumamosi anawajazia vikundi vya kata mbili. Sitawadanganya: miezi mitano ya mwanzo kipato kilikuwa chini ya samaki, na mumewe alinung'unika sana. Hata sasa msimu wa samaki wengi anauangalia kwa tamaa. Lakini anapumua.

Ninaloomba kwa mkutano huu ni hivi. Tutenge sehemu ya sanduku iwe ya mikopo ya masomo, itolewe kwa mafungu. Mwombaji aje kwanza na majina ya watu watatu wanaofanya kazi anayoitaka, awe amekaa nao. Kwa asiyetaka kompyuta kabisa, hapa Masoko tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na Lindi mjini ipo VETA. Nendeni mkaulize mwaka huu wana kozi gani, msingoje tangazo la stendi.

Majina mawili yameshafika kwangu. Mmoja ni mjane wa miaka arobaini na saba, anaogopa kuchekwa na watoto darasani. Mama, nitakusindikiza siku ya kwanza, nami nitakaa nyuma.

Katibu atagawa karatasi za kura sasa hivi, kabla pilau haijafunguliwa, kwa sababu nawajua.