Udongo Ungali Maji



Nimetakiwa niseme machache juu ya malezi ya watoto ugenini, nami nitaanza na neno la Wayunani wa kale, plassein. Maana yake ni kufinyanga, yaani kuupa umbo udongo mbichi au nta laini. Kuchonga kwa patasi walikuwa na neno jingine, kama sisi tunavyomtenga mfinyanzi na mchonga milango. Neno hilo tunalo vinywani bila kulijua: plastiki imetokana nalo, na plasta pia, ile tuibandikayo kidondani na ile tuipigayo ukutani.

Plato, katika karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alilitumia katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri. Aliwataka akina mama na walezi wazifinyange roho za watoto kwa hadithi, zaidi ya wanavyoifinyanga miili yao kwa mikono. Bibi zetu, waliomkanda mtoto mchanga kwa mafuta na kumnyoosha pua, nadhani wangemwelewa upesi kuliko maprofesa. Nao walishasema: udongo uwahi ungali maji.

Lakini neno hilo lina upande wa pili. Plasma, yaani kilichofinyangwa, kwa Wayunani iliweza pia kuwa habari ya kubuni. Na plastos, kitu cha kughushi. Hapa ndipo panapotuhusu. Katika ukurasa wa nasaba uliomo kijitabuni humu wametajwa wanaume wa vizazi saba, hadi Oman. Mama yao, aliyefinyanga vyungu kule Pemba na kuwalea wanawe kwa mauzo yake, hakuandikwa hata jina. Watoto wetu wanakua wakiamini kwamba asili yetu ni ng'ambo tu. Sitaki kumlaumu aliyeuandika, alinakili alichokikuta. Hata hivyo, wanaofinyangwa kwa ukurasa huo ni hawa waliokaa hapa mbele.

Jina la mama huyo bado linajulikana na mmoja wa bibi zetu, naye yumo ukumbini. Naomba kabla hatujaagana kesho jioni vijana wawili wakae naye na kinasa sauti, wamsikilize bila kumharakisha, kisha ukurasa huo tuuchape upya.