Kubadili Chaguo-Msingi katika Zana za Kujenga Programu: Mafunzo ya Maven na CMake

Utangulizi

Chaguo-msingi ni uamuzi unaofanywa na zana pale mtumiaji asipotamka lolote, na watumiaji wengi hawatamki. Anayelibadili hugusa kazi za watu wasiojua kwamba kulikuwa na uamuzi wowote. Hoja yangu ni moja: kabla ya kulibadili, tuulize nani anaumia likiachwa lilivyo.

Maven: zuio kwa wote

Maven hupakua maktaba za mradi kutoka kwenye maghala ya mtandaoni. Kwa miaka mingi ilikubali HTTP, ambayo humruhusu mtu aliye kati ya kompyuta mbili kubadili faili njiani na kupenyeza msimbo wake. Ghala kuu, Maven Central, lilikata HTTP tarehe 15 Januari 2020. Waliochelewa walipata kosa namba 501 lenye maelezo kwamba HTTPS inahitajika.

Mwaka 2021, Maven 3.8.1 ilizuia HTTP kwa maghala yote ya nje. Hatari ilikuwa imejificha: faili la maelezo (POM) la maktaba uliyoiomba linaweza kutaja ghala jingine, na Maven ikalifuata bila wewe kujua. Mwenye mradi asingeweza kuombwa ridhaa juu ya jambo asiloliona.

Gharama ilikuwepo. Kwa Maven, “nje” ni popote nje ya kompyuta yenyewe, hivyo hata seva ya HTTP iliyo ndani ya ofisi ilizuiwa. Nafuu ni kwamba zuio liliandikwa kwenye faili la mipangilio, settings.xml, si ndani ya msimbo. Msimamizi hulisoma na kuelekeza upya ghala lake.

CMake: kungoja tamko

CMake hulipatia badiliko la chaguo-msingi namba ya sera, na kuhifadhi tabia mbili, ya zamani na mpya. Amri ya cmake_minimum_required hueleza mradi uliandikwa kwa kufuata toleo gani. Sera zilizokuja baadaye haziulazimishi tabia mpya. Utaratibu huu unafaa pale ambapo tabia ya zamani haimdhuru mtu. Hata hivyo watunzaji hubeba tabia zote mbili, na uvumilivu una mwisho: CMake 4.0, mwaka 2025, iliacha kuhudumia miradi inayotaja matoleo ya chini ya 3.5.

Mapendekezo

1. Chaguo linalomhatarisha asiyejua libadilishwe kwa wote. Lisilo na hatari lingoje tamko la mradi.
2. Ujumbe wa kosa utaje kilichozuiwa, sababu na tiba.
3. Njia ya muda ya kurudi nyuma ijitangaze. Maven Central iliwaachia waliokwama anwani ya insecure.repo1.maven.org, ambayo neno lake la kwanza linakiri kwamba si salama. Atakayeiandika kwenye mradi wake amefanya uamuzi, na wenzake watauona.