Nilifuta Picha za Harusi, Nikanyamaza

Niliombwa niseme na vijana wanaotumika kwenye kamera na vyombo. Labda mlitegemea mahubiri. Mimi nitawapa ushuhuda, na si ushuhuda wa kujisifu.

Mwaka 2017 serikali yetu ya Burundi iliagiza watu wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe ndoa zao kabla ya mwaka kuisha. Mnakumbuka wenyewe: harusi zilifuatana Jumamosi kwa Jumamosi, wapiga picha wakawa hawatoshi. Mimi nilikuwa na kamera ya kuazimwa, ya kupigia picha mikutano ya injili. Nilikuwa nayo miezi miwili tu. Binti mmoja wa kwaya, hapa kwetu Gasenyi, akanijia: "Mwinjilisti, wewe una kamera. Utatusaidia." Nikajibu amina kabla hata ya kuomba.

Baba yake alikuwa mgonjwa Uvira, hakuweza kuvuka mpaka pale Gatumba. Shangazi ndiye alikuja kusimama mahali pake. Binti akaniomba jambo moja: "Mengine yote sawa, lakini shangazi akinishika mkono kunikabidhi, hiyo usiikose. Hiyo ndiyo baba ataangalia."

Siku ilipofika, nilipiga kila kitu. Maua nikapiga, gari nikapiga, watoto, keki, viti bado havijakaliwa. Shangazi nikampata vizuri kabisa, machozi yanamtoka. Halafu, maharusi wanakaribia kuvishana pete, kamera ikaandika kwamba memori kadi imejaa. Nikatetemeka. Nikataka kufuta picha za maua ili nipate nafasi. Kwa haraka nikabonyeza futa zote.

Ndugu yangu unayesoma, nilibaki nimesimama mbele ya kanisa zima, kwaya inaimba, na mimi ndani yangu kimya. Unajua nilifanya nini? Niliendelea kupiga picha. Pete, mapokezi, zawadi, nikitabasamu kama hakuna kitu.

Baada ya hapo binti akawa anauliza. Nikasema, "Bado ninazisafisha." Wiki mbili! Mwinjilisti, niliyefundishwa Neno na kupewa cheti, nikadanganya kondoo wa Bwana kwa wiki mbili.

Mwishowe nikaipeleka kadi kwa fundi mjini. Akaniuliza: "Baada ya kufuta, uliendelea kupiga?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba picha ikifutwa haiondoki palepale. Kamera inaandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Ukitoa kadi mara moja na usiiguse tena, mara nyingi programu inaweza kuzirudisha. Ukiendelea kupiga, picha mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, na hapo zimekwenda. Akarudisha picha chache za mwisho mwisho. Ya shangazi haikuwemo.

Nikaenda kuungama kwa binti, mume wake ameketi pale. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Ungeniambia Jumamosi ile ile, nguo nilikuwa bado nayo. Shangazi alikuwa bado yupo." Nguo ilikuwa ya kukodi, ilirudishwa Jumatatu. Shangazi alivuka Jumanne. Kumbe kosa la kidole lilikuwa na dawa siku tatu nzima, na mimi nilikuwa naificha dawa hiyo mfukoni.

Kilichofika Uvira ni picha moja ya simu, aliyoipiga mtoto mmoja kutoka benchi la nyuma. Imetikisika, kichwa cha mtu kimeziba nusu. Lakini mkono wa shangazi unaonekana. Baba aliishukuru hiyo. Zangu za keki hakuziulizia.

Basi, vijana, pokeeni haya.

Kwanza, uliza mapema ni picha gani wenyewe wanaitaka kuliko zote, uiandike. Harusi si ya kamera yako. Wewe ni shahidi uliyetumwa na watu ambao hawakuweza kufika.

Pili, beba kadi ya pili na batri ya pili. Wanawali watano wa Mathayo 25 hawakukosa taa, walikosa mafuta ya akiba.

Tatu, angalia mwanga unatoka wapi. Maharusi wakisimama dirisha liko nyuma yao, kamera inapima ule mwanga mkali na nyuso zinakuwa nyeusi. Nguo nyeupe nayo inaidanganya kamera hivyo hivyo. Wageuze kidogo mwanga uwapige usoni, au ongeza mwanga kwenye kamera. Na huku kwetu jua likifika saa kumi na mbili jioni halingoji mtu.

Nne, na hili ndilo nililoitiwa kusema: ukikosea, simama. Toa kadi. Sema siku hiyo hiyo. Daudi hakuishia kwenye kosa la kwanza. Alitaka kulifunika, akaandika jingine juu yake, mpaka mtu akafa. Kosa lililofunikwa kwa kazi nyingi za kanisa ni kama kadi yangu: kila siku unayoendelea kutabasamu, unaandika juu ya kitu ambacho kingeweza kurudishwa. Someni Mithali 28:13 nyumbani.

Katika maadhimisho haya tunatazama picha za miaka iliyopita na kufurahi. Lakini labda kuna ndugu ng'ambo ya mpaka unayemwambia kila siku "bado ninazisafisha." Inaweza kuwa hesabu ya mchango, inaweza kuwa neno ulilomsema vibaya. Mpigie simu leo, kabla nguo haijarudishwa na shangazi hajavuka.

Bwana atupe moyo wa kusema kweli mapema. Amina.